Sindano Ndani ya Mfupa: Kutambua Uvimbe wa Mifupa Kuanzia Mbinga Hadi Mwambao wa Ziwa Nyasa

Kinyama cha mfupa ni kipande kidogo kinachotolewa mahali ambapo mfupa umevimba, umelika au umebadilika sura, ili kikapimwe na ugonjwa ujulikane kwa jina lake. Kinaweza kutolewa kwa kisu, daktari akipasua mpaka auone mfupa kwa macho, au kwa sindano inayopenya ngozi kwenye tundu la milimita chache. Njia ya sindano ni ya gharama ndogo, haihitaji kitanda cha wodi kwa siku nyingi, na madhara yake ni machache. Matatizo baada ya sindano huwapata takriban mgonjwa mmoja katika mia, ilhali baada ya upasuaji wa wazi kiwango kilichowahi kuripotiwa kimefika asilimia 16. Kwa wilaya za Mbinga na Nyasa, ambako bingwa wa mifupa yuko mbali na bingwa wa patholojia yuko mbali zaidi, tofauti hiyo si ndogo.

Kinyama huhitajika kwa sababu picha ya eksirei huonyesha ugonjwa ulipo, lakini mara nyingi haisemi ni ugonjwa gani. Mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye goti lililovimba, lenye joto, linalomnyima usingizi, anaweza kuwa na usaha ndani ya mfupa wa muundi. Anaweza pia kuwa na osteosakoma, saratani ya mfupa inayopenda umri huohuo na mahali hapohapo, karibu na goti. Magonjwa yote mawili hula mfupa, huinua utando unaoufunika, na yote yanaweza kuleta homa. Akidhaniwa ana usaha, atachomwa antibiotiki kwa miezi huku saratani ikielekea kwenye mapafu. Akidhaniwa ana saratani, anaweza kupoteza mguu ambao ungepona kwa dawa na kusafishwa.

Orodha ya magonjwa yanayofanana hivyo ni ndefu katika ukanda huu. Usaha wa mfupa kwa watoto ndio unaoonekana zaidi, na wenye selimundu huupata kwa urahisi, mara nyingine kwa bakteria wa jamii ya salmonela. Kifua kikuu hushambulia pingili za uti wa mgongo mpaka mgongo ukapinda kibyongo. Kwa wazee, mfupa uliolika au uliojaa madoa meupe huwa umefikiwa na saratani ya tezi dume au ya matiti, au ni maieloma, saratani inayoanzia kwenye uboho. Halafu kuna ugonjwa mmoja unaofuata kimo cha nchi, na jiografia ya Mkoa wa Ruvuma, zilipo Mbinga na Nyasa, inauonyesha vizuri.

Milima ya Umatengo, yenye kahawa na mashamba ya ngoro, ina ubaridi. Ukishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, safari isiyofika kilomita 70, unaingia kwenye joto la ziwa lililo mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari. Malaria ya Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, mwambaoni, si malaria ya Litembo, milimani. Ugonjwa unaofuata tofauti hiyo ulielezwa mbali na hapa: mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Alichapisha maelezo ya ugonjwa huo mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaondoka Kampala kwa gari la mtumba aina ya Ford, wakazunguka Afrika ya mashariki na kusini kwa takriban kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Karibu na ikweta uvimbe ulikoma kwenye kimo cha takriban mita 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini kikomo kilizidi kushuka, kwa kuwa baridi nayo ilianza chini zaidi. Mahali penye joto, mvua na malaria ya mwaka mzima ndipo penye limfoma ya Burkitt. Kwa hiyo taya lililovimba la mtoto wa mwambao lina maana nyingine kuliko taya lililovimba la mtoto wa milimani, na anayelipokea zahanati anapaswa kuikumbuka tofauti hiyo kabla ya kufikiria jino bovu.

Hapa ndipo sindano nyembamba inapoonyesha thamani yake yote. Ufyonzaji kwa sindano ulipata heshima mwaka 1930, pale Hayes Martin na Edward Ellis wa Hospitali ya Memorial, New York, walipochapisha matokeo ya kuufyonza uvimbe badala ya kuukata. Mwaka uliofuata hospitali hiyohiyo ikaeleza namna ya kutambua uvimbe wa mifupa kwa njia hiyo. Vifaa ni sindano ya geji 22 au 23, bomba la mililita 10 au 20, na vioo vya maabara. Sindano huingizwa kwenye uvimbe, bomba huvutwa ili kufyonza, kisha sindano hupelekwa mbele na nyuma mara kadhaa kwa kubadili mwelekeo bila kuitoa nje. Kabla ya kuichomoa, mvuto huachiwa, la sivyo kilichopatikana hurukia ndani ya bomba na kupotea. Tone linalobaki kwenye sindano hupakwa kwenye kioo. Kioo kimoja huachwa kikauke kwa hewa, kingine hutumbukizwa kwenye spiriti papo hapo.

Mfupa mzima ni mgumu kwa sindano hiyo, lakini uvimbe wa Burkitt huwa umekwisha kuula mfupa wa taya na kutokeza kwenye fizi, kwa hiyo sindano hupita kama inavyopita kwenye nyama. Kioo kilichokaushwa hupakwa rangi ya Giemsa, ileile ambayo maabara za mwambao zimeizoea kwa kutafuta vimelea vya malaria. Katika hadubini huonekana seli za mviringo zenye ukubwa unaokaribiana, zenye ukingo wa buluu nzito uliotobolewa na vitundu vyeupe vya mafuta. Jibu linaweza kupatikana siku hiyohiyo, na uharaka huo una sababu yake: uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu, na pia ni miongoni mwa zile zinazoitika dawa vizuri zaidi. Mtoto aliyetambuliwa mapema na kupelekwa kwenye wodi ya saratani ya watoto Muhimbili ana nafasi ya kweli ya kupona. Aliyesubiri kung'olewa meno matatu yaliyolegea, moja baada ya jingine, amepoteza wiki ambazo hakuwa nazo.

Udhaifu wa sindano nyembamba ni kwamba hutoa seli bila mpangilio wake. Bingwa wa patholojia anaona matofali, haoni nyumba. Kwa limfoma, kwa usaha, na kwa saratani iliyohamia mfupani kutoka kwingine, matofali mara nyingi yanatosha kuanzia. Kwa sakoma hayatoshi, kwa sababu swali ni iwapo seli zenyewe zinatengeneza mfupa, na hilo huonekana tu kwenye kipande kizima.

Kipande kizima hutolewa kwa sindano nene. Iliyoenea zaidi ni ya Khosrow Jamshidi, tabibu mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi Minnesota, Marekani, ambaye yeye na mwenzake waliieleza mwaka 1971 kwa ajili ya uboho. Ni bomba la chuma lenye mpini, ncha iliyopungua upana, na kijiti cha ndani kinacholiziba wakati wa kupenya. Ili kuitumia kwenye mfupa wa muundi, mguu huegemezwa juu ya mto wa mchanga na ngozi husafishwa. Ganzi ya lignokaini huingizwa kwenye ngozi, kisha kwenye nyama, kisha kwa wingi kwenye utando wa mfupa, kwa maana maumivu makali hukaa hapo. Aliyeganzisha ngozi pekee atamwona mgonjwa akiruka sindano itakapogusa mfupa. Kipimo ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 30 hapaswi kuzidishiwa mililita 9 za dawa ya asilimia 1. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia hupewa ketamini.

Ngozi hutobolewa kidogo kwa ncha ya kisu. Sindano husukumwa mpaka igonge mfupa, kisha kiganja huizungusha kulia na kushoto kwa uzito wa kadiri. Gamba la nje hukataa kama kifuu cha nazi, halafu ghafla huachia. Kijiti cha ndani hutolewa, bomba husogezwa mbele sentimita moja au mbili, huzungushwa duara kamili mara kadhaa ili kipande kikatike shina, na kutolewa taratibu. Kinachopatikana kina unene wa njiti ya kiberiti. Hakisukumwi kutoka kupitia ncha, kwa kuwa ncha ni nyembamba kuliko bomba na kipande kitapondeka. Husukumwa kutoka kwenye ncha kurudi kwenye mpini. Mwenye haraka hukosea hapo, na kazi yote iliyotangulia inaishia kwenye unga wa mfupa ambao hausomeki.

Mahali pa kulenga pana sheria zake. Katikati ya uvimbe mkubwa mara nyingi pamekufa, na kinyama cha hapo hurudi na jibu la nyama iliyooza. Kwenye pembe ambako utando wa mfupa umeinuliwa, mfupa mpya ni wa kujihami tu, hauna saratani. Penye faida ni ukingo ulio hai. Ikiwa uvimbe umeshatoka nje ya mfupa na kuingia kwenye nyama, hakuna haja ya kutoboa mfupa kabisa: sindano ya kukata nyama ya geji 14, ikiongozwa na ultrasaundi, huchukua vipande vitatu au vinne vizuri, na mfupa uliodhoofika haupati tundu jipya la kuuvunja.

Yote hayo hujifunzwa kwa mazoezi. Jambo gumu zaidi ni njia ambayo sindano inapita. Sindano inapotoka kwenye sakoma huacha seli kwenye mkondo wake, na mpasuaji atakayeondoa uvimbe atalazimika kuondoa mkondo huo pamoja nao, ngozi na nyama. Mkondo ukiwa kwenye mstari wa upasuaji ujao, unaondoka bila hasara. Ukiwa upande mwingine wa paja, au umepita kwenye kiungo cha goti, au karibu na mshipa mkubwa, mguu uliokuwa uokolewe unakatwa. Mwaka 1982 Henry Mankin na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 329 waliotolewa vinyama kwa sababu ya saratani za mifupa na za nyama laini. Makosa makubwa ya utambuzi yalikuwa asilimia 18, na asilimia 4.5 walikatwa viungo bila kuhitaji, kwa sababu tu ya kinyama kilichochukuliwa vibaya. Makosa yalikuwa mengi mara kadhaa pale kinyama kilipochukuliwa katika hospitali iliyompa mgonjwa rufaa kuliko katika kituo kilichomtibu. Waliporudia uchunguzi mwaka 1996, hali ilikuwa karibu ileile.

Kwa hiyo kwenye mwisho wa chini wa mfupa wa paja, sindano hupita kwenye msuli wa pembeni au wa ndani, kamwe si kwenye msuli wa mbele katikati wala kwenye kifuko cha maji kilicho juu ya pia ya goti. Begani hupita kwenye theluthi ya mbele ya msuli wa bega, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa msuli huo huingia kutoka nyuma, na upasuaji wa nyuma yake unauua. Picha zote, ikiwemo MRI pale inapopatikana, hupigwa kabla ya sindano, kwani damu ya sindano huipotosha picha ya baadaye.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 950. Daktari wa Litembo, Liuli au Peramiho anayemwona kijana mwenye uvimbe wa goti unaotia shaka ya sakoma anavutwa na huruma kuchukua kinyama hapohapo, ili familia isigharimie safari kabla ya jibu. Huruma hiyo inaeleweka, lakini inaelekea kumgharimu kijana mguu. Kilicho bora ni kumpigia mpasuaji wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), kumtumia picha za eksirei kwa simu, na kukubaliana ama mgonjwa asafiri bila kuguswa, ama sindano ipite mahali ambapo mpasuaji mwenyewe amepaonyesha. Kwa usaha, kwa taya la mtoto wa mwambao na kwa mzee mwenye madoa mengi, hakuna sababu ya kungoja Dar es Salaam. Kutenganisha makundi haya mawili ndiko kunakompima daktari, kuliko ustadi wake wa kushika sindano.

Wapo pia wasiohitaji sindano kabisa. Mzee mwenye kipimo cha damu cha tezi dume kilichopanda sana na mifupa iliyojaa madoa meupe amekwisha kutambuliwa. Kijana mwenye kijipembe cha mfupa kilichofunikwa na gegedu, kisichouma na kisichoendelea kukua, anahitaji kuambiwa hivyo na kurudi nyumbani.

Uti wa mgongo una njia zake. Robertson na Ball walieleza sindano ya pingili mwaka 1935, na mwaka 1956 Craig akatengeneza vifaa maalumu kwa kazi hiyo. Mgonjwa hulala kifudifudi, na sindano huingia kutoka nyuma kwa pembeni, au kupitia shingo ya pingili yenyewe, ikifuatwa hatua kwa hatua na CT au eksirei ya moja kwa moja. Pembeni yake kuna mapafu juu, figo na mshipa mkuu wa damu chini, kwa hiyo si kazi ya kubahatisha bila picha. Lakini kifua kikuu cha mgongo mara nyingi hujaza usaha baridi kwenye msuli wa kiunoni, na usaha huo huonekana kwa ultrasaundi ya kawaida. Kuufyonza ni rahisi na salama kuliko kuugusa mfupa, na mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa mbili, pamoja na kueleza kama vimelea ni sugu kwa rifampisini.

Jibu hilo hupotea kwa kosa dogo sana: kutumbukiza kila kitu kwenye fomalini. Fomalini huhifadhi umbo la seli na kuua vimelea. Kwa hiyo kila kinyama cha mfupa hugawanywa pale pale kitandani. Sehemu moja huingia kwenye fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo mara kumi wa kinyama. Nyingine huingia kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi ya dripu, kwa ajili ya kuotesha bakteria na kutafuta kifua kikuu. Anayeshuku saratani aoteshe, na anayeshuku usaha apeleke patholojia, kwa kuwa wote wawili wamewahi kukosea.

Kipande cha mfupa hakikatiki kwenye mashine ya maabara mpaka chokaa yake iondolewe kwa tindikali. Tindikali kali ikizidi muda huharibu rangi na vipimo vya ziada, kwa hiyo vijinyama laini hutengwa kwanza na kupimwa bila tindikali. Bingwa wa patholojia naye hawezi kusoma mfupa gizani. Fomu isiyo na umri, jina la mfupa, sehemu ya mfupa na nakala ya eksirei ni fomu ya kubahatisha. Mfupa unaopona baada ya kuvunjika unaweza kufanana na osteosakoma kwenye hadubini; eksirei ndiyo inayovitenganisha.

Tahadhari za kimwili ni chache. Damu isiyoganda vizuri, yenye chembe za kugandisha chini ya 50,000, hurekebishwa kwanza. Ngozi yenye maambukizi haipitishiwi sindano kwenda kwenye mfupa usio nayo. Baada ya kazi, mahali hubanwa kwa dakika kadhaa, na mguu uliotobolewa mfupa haubebeshwi uzito mpaka mpasuaji aruhusu.

Kuna imani iliyoenea kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa, na kwa sababu hiyo familia nyingi humpeleka mgonjwa kwa mganga wa mifupa kwanza. Imani hiyo haistahili kubezwa, kwa kuwa ndani yake kuna chembe ya yale aliyoyaona Mankin: sindano iliyopita njia mbaya inadhuru. Mgonjwa anayeambiwa sindano itapita wapi na kwa nini, hukubali. Kinachosambaza ugonjwa zaidi ni kukandwa na kuchanjwa chale juu ya uvimbe ulio hai, na miezi inayopita katikati.

Sindano nene hutoa jibu sahihi kwa wagonjwa kati ya 80 na 95 katika kila 100. Waliobaki hupata jibu la «mfupa wa kawaida», «damu tu» au «hakuna seli za saratani», na wengi wao huambiwa wamepona. Hawajapona. Jibu linalopingana na picha halijajibu kitu. Kinyama kirudiwe, safari hii mahali pengine pa uvimbe, kabla mgonjwa hajapanda gari la kurudi Mbamba Bay.